Shuka la Mwalimu Safinaz

Benchi la Mama Inshirah lina mguu mmoja mfupi uliowekewa kopo la vifungo vilivyokosa wenzao. Liko mlangoni mwa duka lake, katika kichochoro cha wauza vitambaa hapa Manshiya, Aleksandria, na jua la Agosti hulifikia saa tano na robo asubuhi. Kabla ya hapo kuna kivuli, kuna kahawa ya kibanda cha jirani, na kuna wale wale. Yupo Ami Mkasi, aliyekata mashati kiwandani miaka thelathini na moja na mpaka leo hutembea na futi ya kupimia shingoni. Yupo Mvuke, mpiga pasi wa duka la pili, ambaye humwachia nduguye pasi ili aje kubishana. Na yupo Mama Inshirah mwenyewe, anayeuza uzi, vifungo na mpira wa suruali bila kuinuka. Mimi wananiita Milimita. Nina shahada ya kemia na cherehani ya marehemu bibi, na Jumanne ile nilifika nikiwa nimekumbatia mfuko kama mtu aliyebeba mgonjwa.

— We Milimita, mbona umepauka hivyo? akauliza Mama Inshirah. Umejishona kidole?

— Nimekata shuka la Mwalimu Safinaz.

— Si ndo kazi uliyopewa?

— Nimelikata kabla ya kuliloweka.

Mvuke akaweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Mwalimu Safinaz ni mteja wangu wa kwanza ambaye si ndugu. Alisomesha jiografia mpaka alipostaafu, na Ijumaa ya wiki ile binti yake angefungishwa ndoa. Nilimwonyesha voili ya pamba ya gauni lake, akasema inaonyesha mwili. Nikamwonyesha raioni, akasema inamganda kama mwanafunzi mtoro anayeomba msamaha. Akaniletea shuka la kitani tupu lenye ukingo wa samawati, la vyombo vyake vya arusi vya mwaka themanini na nne, lililokunjwa likakunjika, gumu kwa wanga, linanukia sabuni. Shuka la jozi yake alishamgawia binti. Na kila mtu wa huku anajua: shuka za bibi arusi huingia kabatini, wageni wakaonyeshwa, na hakuna anayezilalia. Kwa hiyo nilikuwa na kitani cha miaka arobaini ambacho hakijaonja maji, na kitani kikionja maji kinasinyaa. Mwongozo unasema tano kwa mia. Kwenye nyonga ya sentimita mia na kumi na mbili, hiyo ni sentimita tano na milimita sita. Mimi nilikuwa nimeacha nne za kupumulia.

— Patani ya kukatia umeitoa wapi? akauliza Ami Mkasi.

— Kwenye jarida la zamani la mama, ami. Nikairefusha kifuani sentimita mbili na nusu. Kikwapa nikakishusha moja, kwa ajili ya joto. Bega la kulia nikalishusha milimita kumi na mbili, kwa sababu miaka yote ile ya kubeba ramani za ukutani imemwinamisha upande mmoja. Nimehangaika na karatasi siku nne.

— Na maji?

— Maji nimesahau.

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Mama Inshirah.

— Hayajamwagika, mama. Ndo tatizo lenyewe.

— Sikilizeni, akasema Mvuke. Mimi kitani nakijua. Samaki mkunje angali mbichi. Nguo hii ishonwe ikiwa imelowa! Ikishakauka mwilini mwake inakuwa imemzoea.

— Ashonewe akiwa ndani? Mama Inshirah akamkata. Mwanamke mzima, kalowa chapachapa, bintiye anasubiri shehe?

— Basi isifuliwe kabisa. Ijumaa anavaa kikavu.

— Na Jumamosi akifua? nikauliza.

— Jumamosi wewe huonekani.

— Nakaa mtaa mmoja naye, Mvuke.

Ami Mkasi akakohoa. Akikohoa hivyo, wote hunyamaza, kwa heshima ya kiwanda.

— Angechagua zile nguo za plastiki yasingetokea haya. Plastiki hairudi.

— Hairudi, ila inampika mtu, akasema Mama Inshirah. Agosti hii! Ukiifungua jioni, unamkuta kaiva.

— Nasema tu. Kitani ni kitu chenye kumbukumbu. Ule mmea ulikunywa maji ya Nili tangu mbegu. Ukiutia maji ya bomba, unajikunja, unataka kurudi kwao. Dawa ni kukiosha kwa maji ya bahari, kikose pa kurudi.

— Hapo umesema, akaruka Mvuke. Watu wa kale makaburini kule kusini si wamezungushiwa kitani? Maelfu ya miaka! Kimewabana? Hakijawabana. Kwa nini? Hakuna aliyefua!

— Ala! akasema Mama Inshirah. Wale walikauka wao, ndo maana kikawatosha.

— Basi na Mwalimu akauke kidogo. Leo Jumanne. Akifunga mpaka Ijumaa, zile sentimita tano...

— Na milimita sita, nikasema, na sauti ikanikatika.

Mama Inshirah akanitazama, akanisogezea kahawa yake. Alikuwa ameona kwamba kwangu haikuwa mzaha. Mwalimu Safinaz ana dada wanne na shoga wasiohesabika. Gauni likimfaa, nitakuwa na kazi mpaka majira ya baridi. Likimkataa, nitakuwa yule msichana wa kemia aliyeharibu kitu ambacho hakuna duka linaloweza kukirudisha.

— Tujaribu kipande, akasema Mama Inshirah. Una vipande?

Nilikuwa na kimoja tu, cha shingoni, kimejificha ndani kabisa ya mfuko. Ami Mkasi akakipima kwa futi yake: sentimita kumi kamili. Akakitumbukiza kwenye glasi ya maji, akakikamua, akakitandaza juu ya goti, akakipima tena.

— Kumi na milimita tatu.

Mvuke akaichungulia futi.

— Kimekua! akapiga kelele Mvuke. Jamani, kinakua! Hiki kitani kimekaa gizani miaka arobaini, kimeona mwanga, kinachipua! Milimita, punguza, punguza nyonga haraka, mama wa watu atapotelea humo!

— Kipande hicho kimekatwa mshazari, nikasema, na ami amekivuta.

— Mimi nivute? Miaka thelathini na moja nivute leo?

— Umekivuta, Ami Mkasi, akasema Mama Inshirah. Nimeona kwa macho yangu, umekivuta kama sikio la mtoto.

— Basi futi imerudi. Futi yenyewe ni ya kitambaa, mnasahau?

— Kwa hiyo sasa futi ndo imesinyaa?

— Chochote kinaweza kusinyaa, mama. Hata dunia.

— Mimi nadhani nimwambie Mwalimu ukweli, nikasema.

Wote watatu wakanigeukia kama niliyetukana.

— Mteja haambiwi, akasema Ami Mkasi. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Ukimwambia umekosea mara moja, akaongeza Mvuke, atahesabu makosa mpaka kwenye vifungo.

Kulikuwa na mwanamke amesimama pale mlangoni tangu zamani, miwani ya jua kichwani, kapu la mboga za mulukhiya kwenye mkono. Alitaka mpira wa suruali, na hakuna aliyemsikiliza. Akahamisha kapu mkono wa pili.

— Samahanini, akasema. Mwenye shuka mmemuuliza kama alishawahi kulifua?

Ami Mkasi akatazama futi yake. Mama Inshirah akanitazama mimi, nami nikatafuta katika daftari kichwani mwangu, ukurasa kwa ukurasa. Nilikuwa nimemuuliza Mwalimu kuhusu kifua, kiuno, urefu wa mkono, kama anakaa sana au anasimama sana, kama joto humshika mgongoni au kwapani. Hilo sikuuliza. Alisema "shuka la arusi", na hapo nikaona nimeshajibiwa.

Nikapiga simu. Ya kwangu haisikiki sikioni tangu Juni, inasema kwa sauti ya wazi tu, na benchi lote likainamia mkono wangu.

— Mwalimu, shikamoo. Samahani kukusumbua. Lile shuka... lilishawahi kufuliwa?

Nikasikia feni yake ikizunguka.

— Nani kakwambia?

— Hakuna, mwalimu. Nauliza kwa ajili ya vipimo.

— Uko na watu?

— Niko kwa Mama Inshirah.

— Basi na wasikie. Mama mkwe keshatangulia, Mungu amrehemu, hana wa kumwambia. Mwanangu, shuka hilo nimelilalia kila Agosti tangu mwaka themanini na tano. Joto lote lile, kitani kimekaa kabatini kinatazamwa, na mimi najipepea kwa daftari za wanafunzi? Akienda kwa dada yake nalifua, natia wanga, napiga pasi kwa mikunjo ile ile, narudisha na sabuni yake juu. Sikukuu anawafungulia wageni kabati: "Tazameni mke wa mwanangu anavyotunza vitu." Na mimi nainamisha kichwa kwa adabu.

— Kwa hiyo limefuliwa...

— Hesabu wewe mwenye kupenda hesabu. Mara mia mbili? Halina tena pa kurudi. Kwani vipi, umeshakata?

— Nimeshakata, mwalimu.

— Vizuri. Usisahau mifuko.

Simu ikakatika. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi, na vidole vikaanza kuuachia kimoja kimoja. Pumzi niliyoivuta hapo ilikuwa ya kwanza kufika chini tangu saa mbili asubuhi. Nikacheka, na kicheko kikatoka na machozi kidogo, na sikujali kwamba Mvuke anaona.

— Miaka arobaini anapiga pasi mwenyewe! Mvuke akalalamika. Na mimi nipo hapa hapa!

— Nilijua, akasema Ami Mkasi. Kilipolowa tu nikakijua, kilikuwa laini mno.

— Ulisema futi imerudi!

— Nilikuwa nawapima akili.

— Mita mbili, akasema yule mwanamke mwenye kapu. Wa upana wa kidole.

Mama Inshirah akainuka. Nasema akainuka, jambo ambalo silikumbuki kuliona. Akamkatia mpira wake, akauongezea shubiri nzima, akamwombea heri. Kisha akanivuta ndani, karibu na boksi za uzi, kana kwamba ananichagulia rangi.

— Mashuka yangu ni ya mwaka sabini na tisa, akasema kwa sauti ya chini. Manne. Bado yana karatasi za dukani. Nakuletea moja, unikatie gauni kama hilo hilo, la kikwapa kilichoshuka. Ila vipimo unichukulie humu ndani, Mkasi asinione.

— Na hayo ni kweli hayajafuliwa?

— Hayajaguswa.

— Basi mama, nakuomba, nikasema, safari hii liloweke kwanza, usiku mzima, kabla sijalitia mkasi.

Akanikabidhi kidonge cha uzi mweupe, akanikunjia vidole juu yake.

— Kwanza, akasema, nitalilalia.