Papa Mputu na Pemba juu ya Tole

Papa Mputu Éliézer amekata tole, yale mabamba ya chuma, katika atelie yetu ya mafundi chuma hapa Kamina miaka thelathini na moja. Ijumaa hii, tarehe 17 Desemba 1999, anatundika shalumo yake, ile bomba ya moto wa kukatia chuma. Si vita vinavyomtoa. Miaka yake imetimia, basi, na tunataka hilo lijulikane.

Alianza mwaka 1968 akisugua kutu, kisha akakabidhiwa moto. Moto wake ulikuwa mdogo. Kwa tole nyembamba alifunga mdomo mwembamba wa shalumo, akapunguza oksijeni, akatoboa pembeni kwenye sehemu ya kutupa, ndipo akaufuata mstari. Hata hivyo matone ya chuma yalirukia chini ya tole na kuganda hapo, makali kama miiba.

Mwaka jana vita vilipoanza, gari moshi lililotuletea tole likawa la kubahatisha. Materinite, wodi ya kuzalishia, ilitaka mabeseni kumi na mawili ya kuogeshea watoto wachanga. Tole zilizobaki zilitosha hayo na mabaki kidogo, na lime, tupa yetu ya kusugulia chuma, ilikuwa imekwisha meno. Sisi wengine tulisema yapelekwe hivyo hivyo na miiba yake, ni vita, nani ataangalia? Papa Mputu alikataa kabisa: "Mutoto hajue kama iko vita. Anajua tu ngozi yake."

Mimi nilikuwa mfagiaji hapo, na mimba ya miezi saba. Mfukoni sikukosa pemba, ule udongo mweupe tunaotafuna wamama wenye mimba. Siku moja kipande kilinianguka juu ya tole, nikakikanyaga, kikawa unga. Nilipotaka kupangusa, akanizuia: "Acha, mama!" Tole ile ilipinduliwa na kukatwa. Penye unga, matone yalitoka kwa kitambaa tu. Tangu siku hiyo alikoroga pemba na maji, akapaka chini ya kila tole. Pemba yangu yote ikaisha, nikabaki natafuna mate.

Papa Théo, mkubwa wa atelie na shemasi wa kanisa, alipokuta tole nyeupe alidhani ni uganga, akapiga kelele: "Éliézer, pemba iko kintu ya banganga! Uache, ao utoke!"

Miaka thelathini ya kazi ilikuwa mlangoni, karibu kufukuzwa. Papa Mputu hakuomba msamaha. "Nitatoka. Lakini kwanza nikate mbili mbele ya bantu."

Alikata mabaki mawili, moja bila pemba, lingine na pemba, akayapangusa yote kwa kitambaa kimoja. Kisha akamwambia mkubwa apitishe kiganja. Kwenye la kwanza Papa Théo aliondoa mkono wenye damu. Kwenye la pili alipitisha, akarudia, akarudia tena, akaenda zake. Jumatatu alifika na ndoo nzima ya pemba, akitugombeza kwa nini bado haijakorogwa.

Mabeseni yote kumi na mawili yalifika materinite. Shekina wangu alipozaliwa, nilipitisha mkono kwanza, ndani na nje ya beseni, ndipo nikamlaza majini. Leo ana mwaka mmoja na ngozi yake haina alama. Anayesema vita vimemaliza Kamina, aje ashike beseni lile.

Papa Mputu anarudi kijijini kwake Katoto kulima mihogo. Asante, Papa. Uende salama, uishi vizuri, ule samaki wa Lualaba mpaka uchoke. Ile shalumo umeniachia mimi, mfagiaji wako, na wanaocheka wacheke. Jumatatu asubuhi itawaka, na pemba itakuwa imekwisha kukorogwa.

Mama Shekina, atelie