Redio Kwenye Mabega ya Suti

Basi lilipotoka hospitali, mama mmoja alimwambia fundi cherehani aliyekaa naye kwamba mwanawe ana skizofrenia, ila sasa ni mzima kabisa, na leo anamwachisha dawa.

"Usithubutu, mama," fundi akasema, futi ya kamba ikimning'inia shingoni. "Na mimi nilijiona mzima nikaacha. Mwezi haukuisha, sauti zikaniambia kuna redio kwenye mabega ya suti. Nikafumua suti nane za harusi, na ndoa ni kesho."

Mama akaziba mdomo asicheke. "Ukaipata redio?"

"Nilipata sponji." Fundi akacheka yeye kwanza. "Mke wangu, Mungu ampe umri mrefu, alizishona upya zote. Siku hizi nameza dawa, na nikisikia sauti namuuliza, 'Umesikia?' Akisema hapana, naendelea kushona. Bila yeye ningekuwa naokota makopo."

Mama akaigeuzageuza bahasha ya dawa mapajani. "Mwanangu hajawahi kuniuliza."

Basi likasimama. Sauti ikafoka, "Mwenye futi, shuka!"

Fundi akamgeukia mama. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba," mama akasema, akiibana bahasha kwapani. "Ni dereva. Umefika."