Mashine ya Tetemeko Iwekwe Wapi?

Mimi nimechoka na hii benchi yetu ya Nkubu. Imeegemea ukuta wa posho mill ya kusaga mahindi, na kila asubuhi tunapiga kelele kuishinda. Wiki hii ukuta wa chumba cha watoto wa Mama Kathure, anayetuuzia kahawa, umepasuka. Yeye anasema ni baruti za machimbo ya mawe. Wenye machimbo wanasema ni tetemeko la ardhi, Mungu ndiye aulizwe. Sasa serikali inaleta mashine ya kupima mitetemeko, ndiyo itasema ukweli, na sisi wazee wa benchi tumeambiwa tuonyeshe mahali pa kuiweka. Sisi! Watu walioshindwa kukubaliana kuhusu choo cha soko!

— Iwekwe hapa hapa sokoni, akaanza Diwani. Aligombea udiwani mara moja, akaanguka, jina likabaki. — Maendeleo ni ya kuonekana, bwana. Chema chajiuza!

— Na stima iko, akadakia Profesa, aliyekuwa akifundisha darasa la tatu huko Kaaga. — Tunaiunga tu na hii posho mill.

— Mwalimu, mill ikiwaka hata vikombe vinacheza, nikamwambia.

— Ndio vizuri! Mashine isikae bure ikingoja tetemeko. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Uuui! Nikashika kichwa.

— Ama juu ya kanisa, akasema Diwani, pale kwa kengele. Ardhi ikitikisika, kengele inalia yenyewe, tunakimbia.

— Afadhali kwa machimbo kwenyewe, akasema Profesa. Baruti ikilipuka kila siku, mashine inazoea. Dawa ya moto ni moto.

— Inazoea nini? Mama Kathure akauliza, chupa ya kahawa mkononi. Si tunataka iwashtaki?

— Mama, wacha wanaume wapange, akamkatiza Diwani.

Gari likasimama. Akashuka mtaalamu wa hiyo mashine, Ruguru, ametoka Embu.

— Habari zenu, wazee. Nataka mwamba mgumu, mbali na barabara, mbali na mill na machimbo. Huku kwenu, ni wapi pametulia?

Diwani akakuna kidevu. Profesa akasema, “Swali zuri,” akaishia hapo. Mimi nilitaka kutaja kilima cha nyuma, nikakumbuka malori ya mawe yanapita huko kutwa nzima.

— Basi, akasema Ruguru, watu wa Runyenjes, kule Embu, wameshatuonyesha mwamba, hata ng'ombe hafiki. Tutaenda huko.

— Na mkiwa huko, mtajua ni nani amepasua nyumba yangu? akauliza Mama Kathure.

— Mitikiso midogo ya huku hatutaipata vizuri, mama. Pole sana.

Ruguru akaondoka. Vumbi halijatulia, Diwani ameshaanza:

— Hao Waembu wametuibia mashine! Mama Kathure, niongezee kahawa kidogo.

Mama Kathure akamnyang'anya kikombe. Akafungua chupa, akamwaga kahawa yote chini, ikiwa moto.

— Imeisha. Sasa niambieni, wazee: usiku wa leo watoto wangu walale wapi?