Poongodi Akka Hasaini Kabla ya Saa Sita

Miaka thelathini na mitatu na siku kumi na moja. Huo ndio utumishi wa Poongodi Akka, dada mkubwa wa sisi sote, karani wa wageni katika kiwanda chetu cha mashuka na vitambaa vya meza cha Nallamuthu na Mwana, hapa Karur, na leo Ijumaa tarehe 28 Juni ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Aliajiriwa mwaka 1991 akiwa karani. Anastaafu akiwa karani. Hamjasikia vibaya, na mimi sijakosea kusoma.

Kwa wasionijua, mimi ni Chelladurai, msimamizi wa chumba cha kukatia vitambaa. Ofisi iliniagiza niandike wasifu wa furaha, nusu ukurasa, dakika tano, usio na machungu. Niliuandika, ukasomwa, ukapigwa muhuri. Uko mfukoni mwangu. Huu ninaowasomea ni mwingine. Una kurasa tisa, na una hasira, kwa sababu aliyeuandika ana hasira. Atakayeniwia radhi aniwie, asiyetaka shauri yake.

Tuanze na ratiba ya leo. Taa ya sherehe imewashwa saa nne na nusu. Saa nne na nusu, siku ya Ijumaa! Nilimwona mama mwenye kiwanda, mjane wa mzee Nallamuthu, akijiziba mdomo kwa pindo la sari yake. Hakuna mtoto wa Karur asiyejua kwamba Ijumaa, kuanzia saa nne na nusu mpaka saa sita mchana, ni saa ya Rahu mmeza jua, saa ya nuksi. Mtu haanzi safari, hafungui duka, haweki sahihi. Imeandikwa kwenye kila kalenda iliyotundikwa jikoni. Lakini mkurugenzi wetu, Bwana Kathirvel, mwana wa marehemu mzee, amesoma biashara ng'ambo miaka miwili akarudi na vyeti vitatu, na kalenda ya jikoni kwa mama yake imemshinda.

Ratiba hiyo hiyo inasema mimi nianze saa tano na dakika arobaini, nimalize saa tano na dakika arobaini na tano, kisha Akka aitwe mezani akasaini karatasi. Karatasi gani? Ngoja niwaambie, maana wengi mmekuja mkidhani ni ya pensheni.

Kwa miaka yote hii Akka ameandika madaftari kumi na manne. Ameyaandika nyumbani kwake, kwa kalamu yake. Humo ameeleza jinsi mgeni anavyoweza kufanya biashara na sisi bila kuumiza wala kuumizwa: tunamaanisha nini tunaposema ndiyo, nani anaamua katika familia, kwa nini kitambaa kimoja kinapita nyumba thelathini kabla ya kufika melini. Mwezi Machi mkurugenzi alimwambia, "Niazime, Akka, nisome tu." Aprili akayarudisha. Mei kikatoka kitabu cha Kiingereza, jalada linang'aa, kina tembo mbele na maghorofa nyuma, kinaitwa Ifahamu India: Mwongozo wa Mfanyabiashara Mgeni. Jina la mwandishi ni Kathirvel Nallamuthu. Jina la Poongodi nimelitafuta ukurasa kwa ukurasa, mke wangu akishika taa. Halimo.

Bwana Lauritsen, mgeni wetu kutoka Denmark, yule aliyeketi pale na shada la maua shingoni, ametununulia vitambaa miaka ishirini na minane. Sasa anataka kukinunua kitabu hicho pamoja na mafunzo yake kwa wafanyakazi wake wote. Ila mzee wa watu si mjinga. Anayajua madaftari ya Akka tangu zamani; aliuliza sasa ni mali ya nani, akasema Akka mwenyewe asaini mbele ya macho yake kwamba ameridhia, la sivyo hanunui. Ndiyo karatasi hiyo. Inasema madaftari ni mali ya kiwanda na yeye hadai lolote, hata jina. Na lazima isainiwe kabla ya saa sita, kwa sababu saa sita mgeni anaondoka kwenda kupanda ndege Tiruchirappalli.

Akka aliomba kitu kimoja tu. Nilikuwa nje ya mlango wa mkurugenzi, nimefuata visu vipya vya kukatia, nikasikia kwa masikio haya.

"Jina langu liwe juu ya jalada, mwanangu. Hata kwa herufi ndogo."

"Akka, hebu fikiri. Nani atanunua kitabu cha biashara kilichoandikwa na karani?"

"Huyu huyu aliyenunua vitambaa kwa karani miaka ishirini na minane."

Mkurugenzi akacheka. Alicheka, jamani! Kisha akamwambia, "Utasaini tu. Wewe hujawahi kuniaibisha mbele ya mgeni." Na hapo ndipo damu iliponichemka, kwa sababu anasema kweli. Poongodi Akka hajawahi kumwaibisha mtu yeyote mbele ya mgeni. Atasimama, atatabasamu, atasaini. Asante ya punda ni mateke, lakini punda wetu huyu wa vyeti vitatu anapiga teke huku ameshika kalamu ya dhahabu.

Haya, sasa nirudi kwenye wasifu, nisije nikaambiwa sijui kazi yangu.

Alizaliwa mtaa wa ng'ambo ya reli, ule ambao watu wa mjini walikuwa hawaufiki. Masista wa misheni walimfundisha Kiingereza. Alikuja hapa mwaka ule ule serikali ilipofungua milango kwa wafanyabiashara wa nje, na mzee Nallamuthu, aliyejua kufuma na kutukana tu, alihitaji mtu wa kuzungumza na Wazungu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyosema. Walikuja, na nusura watuue. Walituuliza, "Mtamaliza tarehe kumi?" Mzee akajibu, "Hakuna shida kabisa." Tarehe kumi kitambaa kiko bado kwa fundi rangi! Wageni wakatuita waongo. Akka ndiye aliyewafundisha kwamba kwetu kumwambia mgeni hapana usoni ni kama kumfungia mlango. "Usimuulize kama ataweza," aliwaambia. "Muulize, kitambaa kiko nyumba ya nani asubuhi hii? Hapo atakuambia kweli." Tangu siku hiyo hatukuitwa waongo tena. Maneno hayo yako ukurasa wa tano wa kitabu cha mkurugenzi, na mkurugenzi anasema aliyagundua yeye mwenyewe. Wakati yanasemwa alikuwa ananyonya kidole.

Mgeni mmoja alitaka tufanye kazi sikukuu ya Pongal. Akka akamwambia kwa upole, "Bwana, siku ya tatu ya sikukuu hii hata ng'ombe wanapumzishwa, wanaogeshwa na kupakwa rangi kwenye pembe. Sasa nikamwambie mfumaji kwamba amezidiwa cheo na ng'ombe?" Mgeni akacheka mpaka miwani ikaanguka, akaongeza wiki mbili.

Na Bwana Lauritsen mwenyewe! Alialikwa harusi ya binti wa fundi rangi, akakataa, eti amekuja kikazi. Akka akamwambia, "Harusi ndiyo kazi. Fundi huyu akikuona umekula kwake, rangi yako haitachuja." Akaenda, akala wali kwenye jani la mgomba, akamaliza, akalikunja jani kwa kulisukuma mbele, kuelekea kinyume naye. Loo! Hivyo tunakunja msibani! Akka alikuwa ameketi kando. Alinyoosha mkono kama anayefukuza nzi, akalifungua jani, akalikunja upya kwa kulivuta upande wa mgeni, huku akiuliza habari za mtoto wake. Baba wa bibi harusi alipogeuka, aliona jani la mtu aliyeshiba na kufurahi. Mgeni hakujua kitu mpaka mwaka uliofuata, alipoambiwa kwa siri. Mwulizeni, anaona haya mpaka leo.

Sasa kuna jambo ambalo kitabu kinachong'aa hakina, na nitalisema.

Akka alipoanza kazi, kibanda chetu cha chai kilikuwa na glasi kumi na mbili kwa ajili yetu, na kikombe kimoja cha bati kilichoning'inia kwenye msumari, nje. Kikombe hicho kilikuwa chake, mtu wa tabaka la ng'ambo ya reli. Alikunywa amesimama, akakiosha mwenyewe, akakirudisha msumarini. Miaka mitano. Bwana Lauritsen alipokuja mara ya kwanza ndiye aliyeuliza, mbele ya mzee, "Kwa nini chako kiko nje?" Tukaangalia chini sote. Akka, aliyewaeleza wageni kila kitu cha kwetu, akaeleza na hilo pia, neno kwa neno, bila kulia na bila kumtukana mtu. Mzee hakuomba radhi. Kesho yake zikanunuliwa glasi mpya, na msumari ukang'olewa. Akka aliandika kwenye daftari la kwanza: "Mgeni akiuliza, mjibu. Akificha mwenyeji, mgeni atajua tu, na hatakuamini tena hata kwenye bei ya uzi."

Kitabu cha mkurugenzi kinasema mambo ya matabaka ni ya zamani na mgeni asijisumbue nayo. Ukurasa wa kikombe umetupwa. Kwanza walimnyima glasi, sasa wanamnyima na kikombe.

Na msidhani najitoa. Nilikuwepo miaka hiyo mitano. Nilikunywa chai yangu ndani, nimeketi, nikanyamaza kimya. Leo nina miaka minne kabla ya kustaafu, na huenda baada ya ukurasa huu nisiwe nayo. Basi. Kunyamaza kwangu kumetosha.

Naona mkurugenzi ananikazia macho na kugonga saa yake. Hawezi kunikatiza, masikini. Ukurasa wa arobaini wa kitabu chake unasema, "Mbele ya mgeni, Mhindi hamkatizi mzee anayetoa hotuba ya kuaga." Aliyeandika hivyo kwanza ni Poongodi Akka, daftari la sita. Na Bwana Lauritsen anatabasamu na kupiga makofi kila ninaponyamaza, kwa sababu haelewi neno hata moja. Mkalimani wake wa siku zote ndiye tunayemuaga.

Nimalizie na mkataba wa kwanza wa Bwana Lauritsen, mwaka 1996. Ilikuwa Jumatatu, na mgeni aling'ang'ania kusaini saa mbili asubuhi. Jumatatu, saa ya Rahu ni kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tatu. Mzee Nallamuthu jasho lilimtoka mpaka shati likamganda, na kumkatalia mgeni hawezi. Akka akaleta vitumbua vya mvuke. Akaleta tena. Akaleta mchuzi wa nazi, kisha wa nyanya, akaeleza tofauti yake. Akauliza hali ya mama wa mgeni. Mama alikuwa na goti bovu, na goti lile likachukua dakika ishirini. Kahawa ikaja ya moto kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuigusa. Saa tatu na dakika mbili, Akka akatoa kalamu.

Nilimuuliza baadaye, "Akka, na wewe unamwamini Rahu?"

"Mimi?" akasema. "Saa ya nuksi ingekuwa na nguvu, ingekuwa imenimaliza zamani. Lakini mzee anaamini, na mkono wenye hofu hausaini, unachora tu. Na sikudanganya mtu, mdogo wangu. Kuchelewesha kwa adabu si uongo."

Kuchelewesha kwa adabu. Mwanafunzi wako ni mzito, Akka, imenichukua miaka ishirini na minane kuielewa. Kurasa hizi tisa nilizisoma nyumbani mara tatu, mke wangu akishika saa. Nikisoma taratibu, nikinywa maji kila ukurasa na kufuta miwani mara mbili, zinaisha saa sita kamili. Dereva wa mgeni nimemwambia apige honi saa hiyo hiyo, asichelewe hata kidogo, maana ndege haimngoji mtu. Hiyo honi mnaisikia.

Saa ya nuksi imepita. Mgeni anaondoka, na karatasi haina sahihi. Madaftari kumi na manne yamo mkobani, chini ya kiti chako, kama ofisi ilivyokuagiza uyalete. Binti yako anaishi Tiruchirappalli, na gari lile lina kiti kitupu nyuma, kando ya Bwana Lauritsen. Ni mwendo wa saa moja na nusu. Ametabasamu muda wote huu bila kuelewa. Mtafsirie, Akka. Mwambie yote, na kikombe pia.

Kwa niaba ya chumba cha kukatia, wafumaji, mafundi rangi na kila aliyekunywa chai ndani akanyamaza, tunakushukuru, na tunakuomba radhi tuliyochelewa kuiomba. Uishi kwa amani, magoti yasikuume, na siku moja uone jina lako mahali panapostahili. Kwetu hatumwambii mtu "nenda." Tunasema "nenda urudi." Nenda urudi, Akka. Kapande gari.