Mama Maganda na Mtu wa Sehemu Moja

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mpishi wa kantini yetu atavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya kutulisha kwa miaka ishirini na saba na miezi miwili. Kwenye faili la ofisi ana jina lake kamili. Sisi tunamwita Mama Maganda, naye huitika kwa jina hilo upesi kuliko lile la kwenye faili.

Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Watu wa ofisini wana shughuli, watu wa mashine hawapatani na kalamu, basi kazi ikaniangukia mimi, mpakiaji wa ghalani niliyeishia darasa la sita. Mwenyekiti wa kamati alisema nimechaguliwa kwa kuwa hakuna mfanyakazi aliyemsumbua mama huyu kunizidi. Sina la kubisha. Akanikumbusha pia kwamba kiwanda chetu kinatengeneza tambi za pakiti, na kwamba jarida hili husomwa mpaka na wakubwa. Nimeelewa. Tambi zetu ni tamu. Tatizo lilikuwa mimi.

Mama Maganda aliajiriwa kufagia. Jumatatu moja mpishi wa wakati huo hakuonekana kazini, na ufunguo wa kabati la visu alikuwa nao yeye. Mfagiaji akaambiwa apike chochote. Akasugua viazi kwa brashi mpya, akavichemsha na maganda yake, akainjika maharage, akachanachana mboga kwa mikono. Zamu ya asubuhi ilinung'unika, ikala, kisha ikarudi dirishani na sahani tupu. Mpishi aliporejea Alhamisi alikuta nafasi yake ina mtu. Visu vilipatikana, lakini maganda hayakuondoka tena kwenye sahani zetu.

Kantini yake ni chumba cha meza saba, dirisha moja la kupokelea chakula na sufuria mbili ambazo mtu mzima anaweza kuogea. Humo amewaona mameneja watano wakija na kuondoka. Mmoja wao alitaka kufunga jiko na kuweka bomba la maji ya moto, ili kila mtu ajichemshie tambi tunazotengeneza wenyewe. Mama hakupinga. Aliomba tu wakubwa waanze wao, kwa wiki mbili. Siku ya nne meneja alionekana dirishani akiulizia maharage kwa sauti ya chini. Bomba lile lipo mpaka leo. Tunaoshea vikombe.

Msidhani ana ugomvi na viwanda. Msimu ukiwa mbaya yeye mwenyewe hupikia nyanya za kopo na njegere za barafu, na mtu akimletea ubishi humwambia kwamba hata maharage makavu yamesindikwa, ila fundi wake ni jua. Anachouliza kuhusu chakula ni kitu kimoja: kimeondolewa nini, na kimeongezwa nini? Tambi zetu, kwa maoni yake, zimeondolewa kile kinacholipa tumbo kazi, zikaongezwa kile kinachoufanya ulimi uombe tena.

Basi ulimi ulioomba tena ulikuwa wangu. Nilikuja hapa miaka minne iliyopita kutoka mbali, safari ya siku mbili kwa basi, nikamwacha mke wangu na watoto watatu. Kila Ijumaa sisi wapakiaji hugawiwa bure pakiti zilizopasuka. Nikaona nimefika peponi. Asubuhi pakiti nzima, jioni pakiti nzima. Kantini nilipita nikiwacheka wenzangu wanaotafuna maganda kama mbuzi. Saa nne njaa ilikuwa imesharudi, na mambo ya chooni nayo yalikuwa magumu, lakini sentensi hiyo mhariri ameifuta mara mbili, kwa hiyo naiacha.

Kila miezi mitatu muuguzi huja kutupima presha, na hupimia kantini kwa sababu ndiko kwenye viti vya kutosha. Sheria ya ghala inajulikana: ikizidi mia na sitini, hubebi mzigo. Ikizidi tena kipimo kinachofuata, mkataba unakatika. Mwaka jana yangu ilisoma mia na sitini na nane kwa mia na nne. Nikahamishiwa kubandika karatasi kwenye maboksi, na kichwani nikaanza kuona basi la siku mbili likinirudisha nyumbani mikono mitupu.

Muuguzi alinipa vidonge, akaniuliza nakula chumvi kiasi gani. Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi si kama wenzangu, mimi husoma lebo. Lebo imeandikwa: chumvi gramu moja nukta sita kwa sehemu moja. Kwa hiyo, nikamweleza, tangu nije hapa sijawahi kula pakiti huku natembea. Nakaa kwenye kitanda changu, sehemu moja, sisogei mpaka nimalize.

Muuguzi aliacha kuandika. Mama Maganda, aliyekuwa akifuta meza ya jirani, akauliza taratibu: "Na hapo chini palipoandikwa pakiti hii ina sehemu tatu, wewe ulielewaje, mwanangu?"

Nikamwambia hilo halina ugumu. Tambi zenyewe, kikaratasi cha unga, kikaratasi cha mafuta. Sehemu tatu.

Sitasahau kicheko kile. Mkuu wa ghala alitoka nje kabisa. Mama peke yake hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi na sahani nyeupe, akamimina juu yake vijiko viwili vidogo vya chumvi, vikipungua kidogo, akanisogezea na kijiko.

"Sehemu ni kipimo cha mtu mmoja kula mara moja," alisema. "Pakiti moja ni ya watu watatu. Wewe unamaliza mbili kwa siku. Hii ndiyo chumvi yako ya leo. Haya, kula. Si umekaa sehemu moja?"

Hapo ndipo wote walipocheka upya, na mimi nikapata jina. Sehemu Moja. Wapo humu wanaodhani ndilo alilonipa baba yangu.

Tangu siku ile alinihamishia meza iliyo karibu na dirisha, anapoweza kuniona. Asubuhi yai na ndizi. Mchana maharage, viazi na maganda yake, mboga, chungwa la kumenya mwenyewe. Wiki ya kwanza kila kitu kilikuwa na ladha ya karatasi, nami nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba ulimi wangu umezoea kupigiwa kelele na sasa haumsikii anayesema kwa upole. Wiki ya pili nilishangaa kufika saa sita bila njaa. Wiki ya tatu nikamsaliti. Nilijificha nyuma ya maboksi, nikatafuna pakiti kavukavu kama panya, nikafuta mdomo, nikaenda kupanga foleni na uso wa mtu mwema.

"Masharubu yako yana unga wa njano," alisema, akanipakulia maharage mara mbili. Ningependelea anitukane.

Nyumbani nako kulikuwa na kesi. Nilimwambia mke wangu kwa simu kwamba sasa nakula vizuri, kuna mama ananipikia. Akauliza: "Mama wa miaka mingapi?" Nikamtajia. "Mpe simu." Nikampa. Walizungumza nusu saa, na mimi nimesimama pale nimeshika trei. Simu iliporudi kwangu, mke wangu alikuwa anajua habari ya lebo yote, na watoto nao walikuwa wanacheka nyuma yake.

Siku ya kipimo cha pili niliketi kwenye kiti kile kile. Muuguzi alipima, akasubiri, akapima tena. Mia na thelathini na nane kwa themanini na sita. Alinionya nisivitupe vidonge, maana chakula na dawa vimefanya kazi pamoja, na kila kimoja kisidai sifa zote. Nilikimbilia dirishani kutoa habari. Mama Maganda alikuwa ameinama ndani ya sufuria, akisugua.

"Mpigie mkeo umwambie," sauti ilitoka humo ndani. "Mimi nina masizi hapa." Lakini alichelewa sana kutoa kichwa, na alipokitoa alisema moshi umemwingia machoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

Jumatano iliyopita tulimpikia sisi. Nilichemsha viazi mimi mwenyewe, na maganda yake, nikijivuna. Akaonja, akatafuna, akatazama dari. Kisha akaomba chumvi. "Kidogo tu, Sehemu Moja," alisema. "Umenielewa mpaka umepitiliza."

Tunakushukuru, mama. Dirisha litabaki wazi. Dada wa idara ya kufungasha uliyemfundisha amekwishaapa kutogusa kabati la visu. Mimi nimerudi kubeba maboksi, na mgongo unaniuma kama zamani, jambo ambalo sikuwahi kudhani ningelifurahia.

Umetuambia kwamba unakwenda kuishi na binti yako na wajukuu, na kwamba kwa miaka ishirini na saba umekula chakula chako umesimama, baada ya sisi wote kumaliza. Sasa kaa. Upakuliwe wewe kwanza. Tunakuombea afya na siku ndefu, wewe na unaowapenda, mkila polepole, sehemu moja. Hiyo nayo ni maana ya neno lile, na hiyo sikuikosea hata kidogo. Ndiyo ninayoipigia hesabu ya likizo yangu, mwezi wa kumi na mbili, siku mbili kwa basi, nikale na mke wangu na watoto.