Effie Garrioch na Watu wa "Si Haba"

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi 2014, Bi. Effie Garrioch anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuwatetea askari wa zamani wa Aberdeen katika rufaa za pensheni ya vita. Miaka yote hiyo amerudia jambo moja mpaka koo limemkauka, na bado kuna wasiotaka kulielewa.

Jambo lenyewe ni hili. Anayedai baada ya miaka saba tangu aache jeshi hatakiwi kuthibitisha kwamba jeshi ndilo lililomuumiza. Akileta ushahidi wa kuaminika unaozusha shaka la maana, shaka hilo ni lake: pensheni anapewa. Basi! Lakini jamani, kila rufaa wizara inayolipa pensheni inauliza cheti cha daktari kiko wapi, utadhani vitani watu hupanga foleni zahanati.

Na wateja wenyewe je? Effie huwasihi waseme kweli. Wanaitikia vizuri, halafu wanakuja mbele ya baraza la rufaa viatu vinang'aa, kifua kimejaa medali, na wakiulizwa hali wanajibu, "Si haba." Daktari wa baraza anaandika hivyo hivyo.

Bwana Magnus Peddie ndiye aliyetia fora. Baridi na matope ya vita vya Falklands, mwaka 1982, vilimharibia miguu, hakuripoti kwa kuogopa kuitwa mtegaji, na kufikia mwaka 1997 hakuweza tena kusimama kazini. Bila pensheni, yeye na mkewe wangelazimika kuihama nyumba yao. Mwenyekiti akamuuliza miguu inaendeleaje. "Si haba," akajibu, kasimama wima kama mlingoti. Effie alifumba macho. Mimi, mwenzake wa ofisini, nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikatamani kumrushia mtu kiatu.

Effie akamgeukia mkewe, Bi. Thora, akamwomba aieleze miguu ya mumewe. Mama wa watu aliona haya, kisha akasema: "Tangu arudi kutoka vitani sijaiona. Analala na soksi. Nasikia tu anavyougulia, naye anadhani nimelala."

Peddie alikaa chini. Shaka likapatikana, pensheni ikatoka.

Jumatatu nilimkuta Effie ngazini kashika ukuta, nyonga imemkamata. Nikamuuliza hali. Jibu lake mnalijua, na lilinichosha.

Effie, asante kwa yote, na tunakutakia mapumziko ya raha. Tumekuwekea miadi ya daktari Jumanne. Akikuuliza, mwambie inauma.