Joto la Kule Juu

Malori yalikuwa nje yakinguruma bila dereva, maana kwenye nyanda za Saskatchewan ukizima injini kwenye baridi kama ile, utarudi nyumbani kwa miguu. Orest aliingia mgahawani kwa Olha na balbu ya kupashia ndama joto aliyoifuata dukani. Alikuwa apite tu. Lakini alikuwa na hasira, na benchi la dirishani lilikuwa na watu wa kumsikiliza. Akapiga ishara ya msalaba, akaketi karibu na mdogo wake, Metro, anayelima naye shamba moja.

— Redio ile ituombe radhi! Juzijuzi si walitangaza joto limepanda angani, kule Ncha ya Kaskazini? Nikawatoa mitamba bandani wapunge hewa. Jana ndama kazaliwa thelujini, masikio yamekauka kama maganda!

Lorne, mmoja wa wale wa benchini, akacheka. Walimwita Rubani, kwa kuwa aliwahi kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege.

— Joto la kule si lako, Orest. Huko juu, kupita zinakoishia ndege, upepo unaizunguka Ncha kama seng'enge, umeifungia baridi ndani. Joto likipanda kule, seng'enge inakatika. Baridi inatoka mbio kama fahali, inakuja kutukanyaga sisi.

— Mbona hawakusema hivyo?

— Walisema! Wewe ulishazima redio.

— Mungu anisamehe, nilizima. Ila seng'enge ikikatika, mwenye zizi si hutafutwa?

— Ni ndege hizi, Metro akadakia. Kutwa zinaupasua upepo. Usichanike una nini?

— Ndege wapi! Ni watu wa Vancouver, kule pwani, akasema Rubani. Februari hii wana maua. Joto wamelitoa wapi? Wamelivuta!

— Na serikali kule Ottawa wanajua, wamenyamaza! Orest akapiga meza. Nipeni ngazi nipande, nikaufunge huo upepo mwenyewe!

Marisel, mhudumu aliyefika karibuni kutoka Ufilipino, alikuwa akimimina kahawa. Akaisogeza balbu isilowe.

— Samahani, baba. Hii ya nani?

— Ya mtamba wangu mwekundu. Kiwele kimejaa, anazaa leo leo.

— Maskini. Na nani yuko naye sasa?

Orest akamgeukia Metro. Metro alikuwa keshamgeukia yeye.

Nje, malori mawili ya shamba lile moja yalinguruma bega kwa bega.